Mwendo wa Galaksi na Mwendo wa Nafsi

Mtu akiona majani ya mgomba yakitikisika, hahitaji kuuona upepo ili asadiki kwamba upo. Akiona njia ya nyasi zilizolala, hujua kuwa mnyama amepita, hata kama mnyama mwenyewe amekwisha kutoweka. Sehemu kubwa ya elimu ya wanadamu imejengwa juu ya msingi huu: kisichoonekana hujulikana kwa kile kionekanacho ambacho kimesukumwa au kimevutwa nacho. Katika insha hii nataka kueleza jinsi wanafalaki walivyoutumia msingi huo kuupima ulimwengu kwa mwendo wa galaksi. Na kwa kuwa jambo hilo nililielewa nyumbani kwetu Litembo vizuri zaidi kuliko nilivyolielewa katika maktaba yoyote, msomaji ataniwia radhi nikichanganya habari za mbingu na habari za mama yangu.

Mwezi wa Juni 2025 nilipata habari kwamba mama ameugua na amelazwa katika hospitali ya Litembo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, na kwa miaka minne sikuwa nimefika nyumbani. Sababu zilikuwapo, maana sababu hazimkosi azitafutaye: mitihani ya kusahihisha, tasnifu za wanafunzi, mikutano, nauli. Nilikuwa na msemo niliouzoea katika simu: “Mama, maisha yametutawanya.” Niliusema kama mtu asemavyo habari za kiangazi au za masika, jambo lisilo na wa kulaumiwa.

Katika mfuko wangu wa safari mlikuwa na karatasi. Mwenzangu mmoja afundishaye fizikia alikuwa ameniomba nimsaidie kuandika kwa Kiswahili habari za mwendo wa galaksi, ili wanafunzi wazisome kwa lugha waliyoizoea. Niliitika upesi, kwa maana kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikidai darasani kwamba hakuna elimu ambayo Kiswahili hakiwezi kuibeba. Adaiye hivyo hana budi siku moja kutakiwa ushahidi. Mimi nilipotakiwa wangu, nilifika ukurasa wa tatu nikakwama.

Neno lililonikwamisha lilikuwa dogo. Wataalamu wa Kiingereza wana jina la mwendo fulani wa galaksi, na neno walilolitumia katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya ajabu au kioja. Nikaandika “mwendo wa ajabu.” Nilipoisoma sentensi yangu niliona kuwa inachechemea, lakini sikujua mguu upi ni mbovu. Nikaikunja karatasi nikapanda basi.

Litembo ni nchi ya milima. Mgeni aingiaye Umatengo kwa mara ya kwanza hustaajabia miteremko iliyolimwa mpaka juu, nayo imetobolewa mashimo kwa safu kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashimo ya ngoro. Nyasi hufyekwa zikalazwa kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba; kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo, zikawa matuta. Mahindi na maharage hupandwa juu ya matuta, na shimo la katikati huachwa wazi lipokee mvua. Kwa namna hiyo mlima mkali hulimwa mwaka baada ya mwaka bila udongo wake kuteremshwa bondeni. Nilizaliwa katikati ya mashimo hayo, na mama yangu ameyachimba maisha yake yote.

Nilimkuta amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, ameketi kando ya moto amejifunika blanketi, kwa maana Juni ni mwezi wa baridi kali kwetu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeota mvi.”

Hakusema zaidi ya hayo. Hakuniuliza habari za miaka minne, nami sikuzitaja.

Siku ya pili aliniona nimezitandaza karatasi zangu, akataka kujua zinasema nini. Nilikuwa karibu kumjibu kama wajibuvyo wasomi wavivu, kwamba ni mambo magumu. Nikakumbuka madai yangu ya darasani, nikaona haya. Nikaanza.

Nilimwambia kwamba jua letu ni nyota moja katika mkusanyiko mkubwa wa nyota uitwao galaksi, na kwamba ule ukanda mweupe unaokatisha anga usiku, Njia Nyeupe, ndio mkusanyiko huo tukiutazama kutoka ndani yake. Nje yake ziko galaksi nyingine nyingi sana, kila moja na nyota zake kwa mabilioni. Hayo aliyapokea bila shida. Aliona ajabu zaidi kwamba watu wanajua zinakwenda wapi. Bahati nzuri, alasiri ile ile lori la kahawa lilipita barabarani. Honi yake ilikuwa kali lilipokuwa likija, ikawa nzito lilipotupita. Nikamwambia: nuru nayo ina tabia hiyo. Nuru ya kitu kijacho husogea kidogo upande wa ubuluu, na nuru ya kitu kiendacho husogea upande wa wekundu. Mwaka 1912 Mmarekani Vesto Slipher alipima hivyo galaksi ya Andromeda akakuta inatujia. Lakini alipoendelea kupima nyingine aliona kuwa zilizo nyingi zinatuacha. Mwaka 1927 padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alieleza kuwa ulimwengu wenyewe unatanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kwa vipimo kuwa galaksi iliyo mbali zaidi hutuacha kwa kasi zaidi. Kwa hesabu za siku hizi, kila umbali wa miaka ya nuru milioni moja huongeza kasi ya kilomita 20 na ushei kwa sekunde.

“Tumewakosea nini hata watukimbie?” akauliza mama.

Swali hili huulizwa na wanafunzi wa chuo kikuu pia, ila wao hulivisha nguo nzito. Nikamkumbusha jinsi watoto wa shule wanavyopangwa mstari uwanjani. Mwalimu akiamuru kila nafasi baina ya wawili iongezeke hatua moja, mtoto aliye jirani yako atakuwa mbali nawe kwa hatua moja zaidi, na wa tano kwa hatua tano, ingawa hakuna aliyekukimbia. Kila mtoto ataona vivyo hivyo, wala hakuna awezaye kusema kuwa yeye ndiye kitovu. Nafasi ndiyo inayokua.

“Lakini watoto hawasimami kimya,” nikaendelea. “Wakati nafasi zinaongezeka, huyu anamsogelea rafiki yake, yule anavutwa shati. Galaksi nazo ni hivyo. Ziko katika mwendo wa wote, yaani kutanuka kwa ulimwengu. Na juu ya huo kila moja ina mwendo mwingine, kwa sababu inavutwa na zilizo karibu nayo. Mwendo huo wa pili ndio ulionishinda jina.”

Mama akachochea moto. “Basi kuna safari ya wote,” akasema, “na kuna mwendo wa nafsi yake.”

Nilinyamaza. Kisha nikaichukua karatasi nikafuta “mwendo wa ajabu,” nikaandika “mwendo wa nafsi.” Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa neno lile la Kiingereza limetoka katika Kilatini, na asili yake si ajabu bali ni kitu kilicho mali ya mtu binafsi. Waingereza walilitumia kwa maana yake ya kale, nami nikalifasiri kwa maana yake ya sokoni. Mama yangu hajui Kilatini; lakini alikuwa ameelewa jambo lenyewe, na aliyelielewa jambo halipati taabu jina lake.

Sasa, msomaji, tuyaangalie yale ambayo mwendo wa nafsi umewafunulia wanafalaki. Nuru ya galaksi hutupa jumla ya miendo yote miwili. Ili kuitenganisha hatuna budi kuujua umbali wa galaksi kwa njia nyingine. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha kuwa nyota za aina fulani, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, hudhihirisha ung'avu wao wa kweli kwa muda wa kupanda na kushuka huko. Na ajuaye ung'avu wa kweli wa taa aweza kuukadiria umbali wake. Mwaka 1977 Brent Tully na Richard Fisher walipata njia ya kupima galaksi za mbali zaidi kwa kasi ya kuzunguka kwake. Umbali ukijulikana, kasi ya kutanuka hukokotolewa ikaondolewa katika jumla. Kinachosalia ni mwendo wa nafsi.

Na sisi wenyewe tunao. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani, walinasa mnong'ono wa redio utokao kila upande wa anga. Ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambalo leo limepoa hata likabaki digrii 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Vipimo vilipozidi kuwa vyema ilionekana kuwa upande mmoja wa anga una joto kidogo kuliko wastani, kwa kadiri ya sehemu moja katika 800, na upande wa pili umepungukiwa kwa kadiri hiyo hiyo. Ndiyo habari ya lori tena: upande wenye joto ndio tunakoelekea. Jua letu, pamoja na dunia yake, linakwenda kilomita 370 kwa sekunde kuelekea upande wa kundi la nyota la Simba. Hesabu ikifanywa kwa jamii yote ya galaksi iliyo pamoja na yetu, kasi hupata kilomita 620 hivi kwa sekunde. Kwa muda wa dakika moja tu jamii yetu husogea zaidi ya kilomita 37,000, karibu sawa na mzingo wa dunia, na maji ya mtungini hayatikisiki.

Ni nani atuvutaye? Usiku huo mwezi ulikuwa mwembamba umekwisha kutua, na saa nne anga la Litembo lilikuwa jeusi kama lilivyokuwa utotoni mwangu. Mama alitaka kuona. Nikamketisha mlangoni na blanketi lake, nikamwonyesha upande wa kusini zile nyota mbili angavu zielekezazo Msalaba wa Kusini, na juu upande wa kushoto mkia wa Nge. Kati yake Njia Nyeupe ni nene na imejaa vumbi. Katika miaka ya 1980 wanafalaki saba walipima mwendo wa nafsi wa mamia ya galaksi, wakaona kwamba zinaelekea huko pamoja nasi, kama ng'ombe washukao mtoni. Kitu kizito kipo upande ule, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 150 hadi 250. Lakini vumbi na nyota za galaksi yetu zimekiziba kama moshi uzibavyo mlango wa jiko.

Katika karatasi zangu nilikuwa nimekiita kitu hicho Mvutaji Mkuu. Mama akacheka mpaka akakohoa. “Anavuta tumbaku gani?” Nikalifuta jina hilo pia, nikaandika Mvuto Mkuu.

Kisha akasema maneno ambayo sikuyatazamia. “Ni kama Wangoni,” akasema. “Babu zetu hawakumjua aliyewasukuma Wangoni.”

Maneno hayo yanataka maelezo kwa msomaji asiye wa kwetu. Katika karne ya 19 Wangoni walifika nchi ya Songea, na kwa kuwaogopa, Wamatengo wakajikusanya katika milima na mapango, wakajifunza kuishi kwa ardhi ndogo yenye mteremko. Lakini Wangoni nao hawakuja kwa kupenda matembezi. Walitoka kusini ya mbali wakati wa misukosuko iliyofuata kukua kwa dola la Wazulu. Waliuvuka Mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, na siku ya kuvuka inakumbukwa kwa sababu jua lilipatwa: ni kupatwa kwa tarehe 20 Novemba 1835. Mzee wa Litembo aliyehamia pangoni hakupata kumwona Mzulu hata mmoja. Hata hivyo mtu mwenye akili, kwa kutazama tu nani amehama kutoka wapi na kwa haraka gani, angeweza kusema: huko kusini, nisikokuona, limetokea jambo kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafalaki. Yeye ni mwanahistoria wa uhamaji usio na simulizi.

Si mara ya kwanza elimu ya falaki kwenda hivi. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima galaksi za kundi liitwalo Koma, akaona zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa zile zinazoonekana tu, kundi lingekwisha kutawanyika. Akasema kuna maada isiyoonekana inayolishika. Kwa miongo mingi si wengi waliomsikiliza. Na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, chombo cha Marekani cha kutazama miale ya eksrei kilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililokuwa baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, chombo kiliitwa Uhuru. Kilifanya kazi mpaka 1973, kikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kikaonyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi hung'aa kwa eksrei, kwa sababu yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto kiasi hicho ingetoroka kama mvuke wa chungu, isipokuwa imefunikwa na uvutano mkubwa kupita ule wa nyota zote za kundi. Basi gesi, kwa njia yake, ikatoa ushahidi ule ule uliotolewa na mwendo. Kila nisikiapo mtu akisema Kiswahili hakijafika mbinguni, humwambia kwamba kilifika mwaka 1970, na kilifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka miwili.

Mwaka 2014 Tully na wenzake, kina Hélène Courtois, Yehuda Hoffman na Daniel Pomarède, walitoa ramani ya mwendo wa nafsi wa maelfu ya galaksi. Hawakuuliza galaksi ziko wapi tu, bali zinaelekea wapi. Kisha wakachora mpaka pale mielekeo inapoachana. Nilipofika hapo sikuhitaji mfano wa kigeni. Milima ya Umatengo hugawa maji. Mvua ni moja, lakini tone liangukalo mteremko wa magharibi hushuka Ziwa Nyasa, na jirani yake liangukalo upande wa pili huenda Mto Ruvuma, na kwa Ruvuma huenda Bahari ya Hindi. Bonde la mto hujulikana kwa swali moja: ukilimwaga tone hapa, litakwenda wapi? Kwa swali hilo hilo waliligundua bonde la mbingu ambamo sisi tumo, lenye upana wa miaka ya nuru ipatayo milioni 500 na galaksi kubwa zipatazo 100,000, na Mvuto Mkuu uko karibu na kitovu chake. Waliliita Laniakea, maneno ya Kihawaii yenye maana ya mbingu kuu isiyo na kipimo. Na aliyelitoa jina hilo alikuwa mwalimu wa lugha ya Kihawaii. Nakiri kuwa nilipolisoma jambo hilo nilimwonea fahari kama ndugu.

Mpaka huo si wa kudumu katika vitabu. Utafiti wa 2024 umeonyesha kuwa huenda Laniakea yote ni kijito tu cha bonde kubwa zaidi, ambalo moyo wake ni mkusanyiko wa galaksi uitwao Shapley. Huko Afrika Kusini, antena 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018, hupokea mawimbi ya redio yapenyayo vumbi la Njia Nyeupe, na zinaendelea kuhesabu galaksi zilizofichika nyuma yake.

Na umbo la galaksi zote pamoja likoje? Nilimwonyesha mama mteremko wa ng'ambo asubuhi, jua lilipokuwa chini na kila shimo la ngoro lina kivuli. “Ni vile,” nikasema. Galaksi hazikumwagwa ovyo. Zimekaa kama mahindi yakaavyo juu ya matuta, na kati ya matuta kuna mashimo matupu yenye upana wa mamilioni mengi ya miaka ya nuru. Yanapokutana matuta, ndipo yalipo makundi makubwa. Nilijiona nimepata mfano usio na doa.

Mama akautazama mteremko kwa muda. “Na hizo galaksi zinakwenda wapi? Shimoni?”

“Hapana, mama. Zinatoka shimoni kwenda tutani.”

“Basi si ngoro,” akasema. “Katika ngoro maji huenda shimoni.”

Alikuwa na haki. Katika mbingu shimo ni mahali palipo na kitu kichache, kwa hiyo pana uvutano mdogo, na kila kilichomo huvutwa na matuta yaliyo pembeni. Mashimo huzidi kuwa matupu na matuta huzidi kunenepa. Mfano wangu ulikuwa wa kweli kwa sura na wa uongo kwa mwendo. Mwalimu awafundishaye wengine tamathali za usemi alisahihishwa tamathali yake na mtu ashikaye jembe.

Yakabaki maji ya mlima, nayo pia yana mahali yaishiapo mfano wake. Maji yetu yote hufika. La Ruvuma hufika Bahari ya Hindi; hata la Ziwa Nyasa hutoka kwa Mto Shire, likaingia Zambezi, likafika bahari ile ile katika pwani ya Msumbiji. Matone mawili yaliyoachana juu ya mgongo mmoja wa Umatengo hukutana tena. Nilitaka sana kuandika kuwa galaksi za Laniakea nazo zitakutana. Lakini sivyo. Galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 200 kutoka Mvuto Mkuu hutengwa nao na kutanuka kwa ulimwengu kwa kasi ipitayo kilomita 4,000 kwa sekunde, na mwendo wake wa nafsi ni kilomita mia chache tu. Huelekea, lakini haifiki. Na tangu 1998 inajulikana kuwa kutanuka huko kunazidi kushika kasi. Laniakea ni bonde ambalo mito yake itakauka njiani.

Nilimweleza mama hayo usiku wa mwisho, naye akasikitika kama mtu aliyesikia habari za msiba wa mbali. Nikamfariji kwa habari ya Andromeda. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Kwa umbali huo kutanuka kwa ulimwengu kungeitenga nasi kwa kilomita 50 hivi tu kwa sekunde, na uvutano umekwisha kuushinda mwendo huo. Kwa hiyo Andromeda na galaksi yetu zinakaribiana kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Zamani ilidhaniwa ni lazima zigongane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umesema kuwa, kwa miaka bilioni 10 ijayo, uwezekano ni kama nusu kwa nusu. Lakini zinakaribiana, hilo halina shaka. “Kanuni ni hii,” nikasema kwa sauti ya darasani. “Kwa walio mbali sana, safari ya wote hushinda. Kwa walio karibu, mwendo wa nafsi ndio unaoamua.”

Mama hakunitazama. Alikuwa akitazama moto.

“Na Dar es Salaam,” akauliza, “ni mbali kiasi gani kwa hesabu hizo?”

Nilikuwa na jibu la hesabu. Ni siku mbili za basi, nayo kwa vipimo vya mbingu si chochote. Ni chini ya unywele. Lakini hilo si jibu aliloliuliza. Kwa miaka minne nilikuwa nimemwambia kuwa maisha yametutawanya, kana kwamba mimi ni galaksi ya ng'ambo ya anga na yeye ni nyingine, na baina yetu nafasi inakua bila ya mtu kuikuza. Nilikuwa nimeutwika ulimwengu mzigo wa uvivu wangu. Nikasema, “Ni karibu, mama.” Akaitikia, “Haya,” akaomba asaidiwe kwenda kulala.

Alfajiri ya safari niliamka saa kumi na moja. Mashariki Kilimia kilikuwa kinachomoza. Kaskazini-mashariki, ambako macho yenye subira huweza kuiona, ilikuwapo Andromeda, doa dogo la ukungu. Nuru ile ilitoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, na kwa hiyo ilipofika machoni mwangu, Andromeda yenyewe ilikuwa imekwisha kusogea karibu kuliko nilivyoiona. Mama naye alikuwa ameamka. Alinikabidhi mfuko wa maharage, akanikumbusha nisizisahau karatasi zangu.

Makala ya mwenzangu imekwisha, na wanafunzi wanaisoma. “Mwendo wa nafsi” umo, na hakuna aliyeuliza maana yake, jambo ambalo kwa istilahi ni sifa kubwa. Wameniuliza tu ni nani aliyeibuni, nami huwajibu kuwa ni mkulima wa Litembo. Tangu wakati ule nimekwenda nyumbani mara mbili. Si nyingi, lakini mama amekwisha kuniuliza nitakuja lini mara ya tatu, nami sikumtajia maisha wala mitihani. Nilimtajia tarehe.